Baiti Nne Zilizogandisha Kompyuta

Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi hudhani usemi huo unawahusu wanadamu peke yao. Historia fupi ya kompyuta inaonyesha kwamba unavihusu pia viwanda, tena vile vikubwa.

Ndugu msikilizaji, kila aliyewahi kutumia kompyuta anaujua ugonjwa wa kuganda. Mshale hausogei, kibodi haisikii, saa iliyo pembeni ya kioo imesimama. Hakuna la kufanya ila kuuzima mtambo na kuuwasha upya, na kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda na maji. Mara nyingi lawama huiangukia programu, au umeme, au mtumiaji mwenyewe. Lakini zipo nyakati ambapo kosa limo ndani ya chuma chenyewe, ndani ya prosesa, ile sehemu inayotekeleza amri zote. Na prosesa haifunguliwi kwa bisibisi. Mwenye mashine afanye nini?

Tuanzie mwaka 1994. Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg College, katika jimbo la Virginia, Marekani, alikuwa akichunguza namba tasa. Akabaini kwamba prosesa mpya ya Pentium ilikosea ilipogawanya baadhi ya namba. Kampuni ya Intel, iliyoitengeneza, ilikwisha kuliona kosa hilo katikati ya mwaka huohuo, lakini haikuwatangazia wateja. Habari zilipoenea, kampuni ikasema kwanza kwamba atakayebadilishiwa ni yule atakayeonyesha kuwa kazi yake inahitaji mahesabu ya namna hiyo. Wateja wakaja juu. Tarehe 20 Desemba 1994 Intel ikasalimu amri, ikakubali kumbadilishia kila atakayeomba. Gharama iliyoingizwa vitabuni ilikuwa dola milioni 475.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 1997, Pentium ikapatwa na balaa la pili. Safari hii haikukosea hesabu, bali iliganda. Ikagundulika kwamba amri moja yenye baiti nne, F0 0F C7 C8, iliisimamisha mashine nzima papo hapo. Tena haikuhitaji ruhusa ya msimamizi. Mtu yeyote mwenye haki ya kuendesha programu ya kawaida aliweza kuituma. Fikiria kompyuta moja ya chuo kikuu inayotumiwa na wanafunzi mia kwa pamoja: mmoja wao akiamua kufanya utundu, kazi ya wote inasimama.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Amri ile ni batili, na prosesa ikikutana na amri batili hupaswa kusoma jedwali lililomo katika kumbukumbu, lenye kuieleza nani ashughulikie kosa. Lakini sehemu ya kwanza ya amri hiyo huiagiza prosesa ifunge njia ya kwenda kwenye kumbukumbu, asipite mwingine. Prosesa ilifunga njia, ikaenda kusoma jedwali huku mlango ungali umefungwa, kisha ikabaki ikingoja hatua isiyokuja kamwe. Ni kama bawabu aliyejifungia ndani na kuutupa ufunguo nje.

Zilikwisha kuuzwa Pentium nyingi mno duniani, na haikuwezekana kuzikusanya zote. Dawa ikatafutwa kwenye kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosimamia programu nyingine zote. Safari hii Intel haikukaa kimya. Ndani ya siku chache ilitoa maelekezo, na mafundi wa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, wakayafanyia kazi. Kabla mwezi haujaisha, tiba ilikuwa ndani ya toleo la 2.0.32.

Tiba hiyo ilikuwa ya werevu. Lile jedwali lilihamishwa ili mistari yake saba ya mwanzo ikae mwishoni mwa ukurasa mmoja wa kumbukumbu, na mingine yote ianzie ukurasa unaofuata. Kisha ukurasa wa kwanza ukapigwa marufuku. Prosesa ikienda kuusoma, inakuta kizuizi, na kizuizi hicho huzua kosa la aina nyingine, ambalo mstari wake umo katika ukurasa wa pili ulio wazi. Kufuli linafunguka. Kiini kinatambua kilichotokea, kinaifukuza programu korofi, na wengine wanaendelea na kazi zao. Chuma hakikuguswa hata kidogo.

Huo haukuwa ugonjwa wa pekee. Baadhi ya prosesa za mwanzo za 486DX-100 zilikuwa zikiamriwa kupumzika kazi inapokosekana, kisha haziamki. Watumiaji wa Linux walipewa neno moja la kuandika mashine inapowaka, no-hlt, lenye maana kwamba prosesa isilazwe. Na maradhi ya usingizi hayakwisha. Mwaka 2015 yaliripotiwa katika prosesa ndogo za Intel za aina ya Bay Trail, na mwaka 2017 katika Ryzen za kampuni ya AMD. Mara zote mbili, watumiaji walijaribu kubadili mipangilio ya kiini, mmoja baada ya mwingine, wakalinganisha matokeo, wakaona kwamba mashine isiyoruhusiwa kulala fofofo haigandi. Bei yake ilikuwepo: prosesa isiyolala hula umeme zaidi, na betri huisha upesi.

Funzo ni nini? Kwanza, kuvumbua dawa kulitegemea kuujua ugonjwa. Kosa la 1994 lilifichwa, likaigharimu kampuni fedha na heshima. La 1997 lilisemwa wazi, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa na tiba. Pili, dawa ilipatikana haraka kwa sababu kiini cha Linux kimeandikwa hadharani, na kila mwenye ujuzi anaweza kukisoma na kukirekebisha.

Jambo hili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Kompyuta nyingi zilizoingia katika shule na ofisi zetu zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, bila hati ya dhamana. Kiwanda hakitamtuma fundi hadi Sumbawanga kubadili prosesa ya zamani. Lakini mpangilio wa kiini husafiri bila gharama kubwa, na kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kuuweka. Tukiagiza mitambo, basi tuulize pia swali hili: tunaruhusiwa kuyajua maradhi yake, na kuyatibu wenyewe? Asiyeruhusiwa hayo amenunua chuma tu, kufuli lake bado limo mikononi mwa mwingine.