Saluki, Chotara na Kazi Iliyobadilika

Waafrika Mashariki wengi wanaofanya kazi Qatar wanaijua Abu Hamour, kusini magharibi mwa Doha, kwa mambo mawili: makanisa yaliyojengwa pamoja katika eneo moja, ambako ibada hujaa siku ya Ijumaa, na soko la jumla lililouza samaki, mboga na mifugo kwa miaka mingi. Kabla Qatar haijaanza kusafirisha mafuta nje, mwaka 1949, Doha ilikuwa mji mdogo uliojibana pwani, na huku kote kulikuwa ardhi ya wafugaji na wawindaji. Waliishi na ngamia, kozi na saluki, mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu na kifua kilichoshuka, anayewinda kwa macho na si kwa pua. Historia ya mbwa huyu inatusaidia kujibu swali linalogombanisha wafugaji wa mbwa wa kazi duniani: je, ni haki kupandisha mbegu mbili tofauti ili kupata chotara anayefanya kazi vizuri zaidi? Nasema ni haki, kwa masharti mawili. Kuwe na kazi ya kweli inayomhitaji chotara huyo, na anayepandisha awajibike kwa kila mtoto atakayezaliwa, hata yule asiyefaa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo iliyomuumba saluki. Kozi alirushwa kumsumbua swala na kumpunguzia mwendo, mbwa wakapata nafasi ya kumfikia. Sungura mwitu mbwa aliwakimbiza mwenyewe. Mchanga wenye moto na changarawe vilimla nyayo, na baadhi ya wenyewe walimpaka hina miguuni ili ngozi iwe ngumu. Kasi peke yake haikutosha. Mbwa alipaswa kukimbia mbali, arudi akiwa mzima, na kubwa kuliko yote, amshike mnyama bila kumla mpaka mwenyewe afike na kumchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Uislamu unaruhusu nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na unaruhusu kufuga mbwa kwa uwindaji, kwa kuchunga mifugo na kwa kulinda shamba. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wasasi wa Unguja, Waislamu wa vijijini, wamewinda na mbwa kwa muda mrefu ili kuzuia nguruwe mwitu wasimalize mazao. Mbwa wao ni wa kienyeji, hawana cheti cha ukoo, na hakuna anayewauliza. Wanaulizwa kama wanafuata nyayo na kama wanarudi wanapoitwa.

Wazo kwamba mbwa ni safi kwa sababu jina lake limo kwenye daftari lisiloingizwa damu mpya lina umri mdogo. Chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873. Florence Amherst alianza kufuga saluki Uingereza mwaka 1895, nao wakatambuliwa rasmi na chama hicho mwaka 1923. Mabedui walikuwa wamewafuga kwa karne nyingi bila karatasi. Walijua mama wa mbwa huyu ni nani na baba alitoka hema gani, lakini waliipima damu hiyo jangwani. Ndiyo maana saluki wanatofautiana: wako wenye manyoya marefu masikioni na mkiani, na wako wenye nywele fupi mwili mzima. Hata grehaundi, anayetajwa leo kama mfano wa mbwa safi wa mbio, alichanganywa na buldogi katika karne ya 18 na Lord Orford, bwana wa Kiingereza aliyetaka kuwaongezea mbwa wake ujasiri. Anayesema kuchanganya ni dhambi dhidi ya asili anailinda asili iliyoandikwa jana.

Kufunga daftari kuna gharama, na gharama hiyo imeonekana wazi kwa mbwa wa Kongo. Basenji, mbwa mdogo wa wawindaji asiyebweka kama wengine na anayevishwa njuga shingoni ili bwana wake amsikie msituni, alipelekwa Ulaya na Marekani akiwa na mababu wachache mno. Vizazi vilivyofuata vikazidi kuzaana wenyewe kwa wenyewe, na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Kimarekani walikwenda kaskazini mashariki mwa Kongo, wakati huo Zaire, wakarudi na mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari na kuwapokea. Mbwa wa Dalmatia walihitaji hatua kubwa zaidi. Mbegu nzima ilikuwa na kasoro ya asidi ya yuriki inayosababisha mawe kwenye kibofu, na hapakuwa na mbwa wa Dalmatia asiye nayo wa kupandishwa. Mwaka 1973 mtaalamu Robert Schaible alipandisha mmoja wao na pointa, akaendelea kuwarudisha watoto kwenye damu ya Dalmatia kizazi baada ya kizazi hadi wakafanana kabisa na wenzao ila hawana kasoro ile. Chama cha Marekani kiliwakubali rasmi mwaka 2011. Kwa takriban miaka 38 mbwa waliendelea kuumwa huku dawa ikijulikana, kwa sababu tu babu mmoja alikuwa pointa. Huo ulikuwa ukatili uliofanywa kwa jina la usafi.

Kwa upande wa kazi, ushahidi mzuri uko Uholanzi. Chama cha mbwa wa polisi, KNPV, kilichoanzishwa mwaka 1907, hakidai cheti cha ukoo. Kinadai mtihani: mbwa aume na aachie kwa amri, afuate harufu, aogelee. Kutokana na mpango huo wamezaliwa machotara wa Malinois na mbwa wengine wa kuchunga, nao wanatafutwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi. Mfugaji wa ng'ombe wa Kiambu au Tanga anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Ng'ombe chotara amesomesha watoto wake.

Ghuba ndiko hoja yangu inakojaribiwa kweli. Magari na bunduki vilimaliza swala wa porini katikati ya karne ya 20, uwindaji ukawekewa sheria, na kazi ya saluki ikabaki kuwa mashindano ya mbio, chambo kikivutwa mbele ya mbwa na gari. Hapo ndipo damu ya grehaundi ilipoingia. Chotara huyo anaongeza mwendo katika mbio fupi. Lakini nyayo ngumu, pumzi ya mbali na ile subira ya kusimama juu ya mnyama bila kumla havipimwi tena na mtu yeyote, na kisichopimwa hupotea. Anayempandisha saluki na grehaundi ili ashinde zawadi anajibu swali rahisi kuliko lile ambalo jangwa lilikuwa likiuliza.

Watetezi wa machotara hao watasema kozi nao walichanganywa, na heri ikapatikana. Ni kweli kwa kiasi. Tangu kozi chotara wa kwanza wa kufugwa walipopatikana Ireland mwaka 1971, ufugaji umewapa wawindaji wa Ghuba ndege ambao hawakutekwa porini, na hiyo ni nafuu kwa kozi saka, ambaye yuko hatarini kutoweka. Hata hivyo kozi chotara akitoroka anaweza kuzaa na wa porini na kuchafua mbegu ile ile iliyokuwa ikiokolewa. Kwa hiyo mfano huo unaunga mkono sharti langu: mchanganyaji awajibike mpaka mwisho.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa mchanganyaji mwenyewe. Mwaka 1989, Wally Conron wa shirika la mbwa wa vipofu la Victoria, Australia, alipandisha Labrado na pudo ili kumsaidia mwanamke asiyeona ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Kazi ilikuwa ya kweli. Lakini soko lilipomtamani chotara huyo kama pambo, kila mtu akaanza kupandisha bila kupima afya, na Conron akaja kujuta hadharani. Simlaumu kwa mbwa wake wa kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika kwa maelfu waliofuata, na hicho ndicho kinachokosekana kwa mbwa wa mbio wa Ghuba wanaotelekezwa jangwani na mitaani wakishindwa. Waandaaji wa mashindano wana nguvu ya kurekebisha hili. Waandikishe kila mbwa kwa alama ya kielektroniki chini ya ngozi pamoja na majina ya wazazi wote wawili, chotara wakimbie katika kundi lao, saluki wapimwe pia kwa umbali na utii, na mmiliki ambaye mbwa wake ameokotwa mtaani afungiwe mashindano ya msimu unaofuata.