Mjamzito na kazi: haki zako kisheria

Kliniki tunawapokea akina mama wanaoanza kuhudhuria mimba ikiwa na miezi 6 au 7. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu: "Bosi akijua atanitoa." Mama anayeficha mimba anakosa vipimo vya wingi wa damu, shinikizo la damu na VVU mapema. Pia anajinyima ushahidi wa kumlinda kazini.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yanamhusu pia msaidizi wa nyumbani, muuza duka na mhudumu wa hoteli, awe ameolewa au hajaolewa.

Sheria inakupa nini?

- Ujauzito si sababu halali ya kukuachisha kazi.
- Likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja. Hutolewa mara moja katika kila kipindi cha miezi 36, hadi mara 4 kwa mwajiri mmoja.
- Unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha.
- Usirudi kazini kabla ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa uko sawa.
- Ukirudi, unarudi kwa masharti yaleyale ya kazi.
- Mama anayenyonyesha aruhusiwe kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku.
- Usipewe kazi ya hatari kwako au kwa mtoto. Usifanye kazi usiku miezi 2 kabla na miezi 2 baada ya kujifungua.
- Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, una haki ya siku nyingine 84 zenye malipo.

Kama hujatimiza miezi 6 kazini, ulinzi wa likizo yenye malipo na wa kuachishwa ni mdogo. Hata hivyo, ubaguzi kwa sababu ya ujauzito umekatazwa tangu siku unapoomba kazi.

Fanya hivi mapema

1. Anza kliniki kabla ya wiki 12. Hapo tarehe ya matarajio inakadiriwa vizuri na kuandikwa kwenye kadi.
2. Mpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, pamoja na cheti cha daktari. Andika barua, hata kama mnaelewana vizuri.
3. Baki na nakala iliyosainiwa au kugongwa muhuri. Mwajiri akikataa kusaini, itume pia kwa ujumbe wa simu na usiufute.
4. Tunza mkataba, hati za mshahara au kumbukumbu za malipo ya simu. Ndizo zitakazoonyesha kuwa umeajiriwa.

Ukiambiwa usirudi kazini

Usisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari ikiwa hujaamua kuacha. Omba sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), yenye ofisi mikoani. Una siku 30 tangu ulipoachishwa. Kwa madai mengine, kama kunyimwa malipo ya likizo, una siku 60.

Hesabu siku hizo vizuri. Mama akipigiwa simu ya kufukuzwa wiki ya kujifungua, siku 30 zinaisha akiwa bado ndani, arobaini haijatimia. Usisubiri upate nguvu. Mtume mume, dada au kiongozi wa chama cha wafanyakazi akachukue fomu na kuuliza utaratibu. Ukiwa umeshachelewa, nenda hivyo hivyo: unaweza kuomba kusikilizwa nje ya muda ukieleza sababu, na kadi ya kliniki ni sehemu ya maelezo yako.

Ndugu mlio nyumbani, swali la kumuuliza mjamzito anayefanya kazi ni hili: "Barua umeshapeleka? Nakala iko wapi?"