Chuma kinacholiwa na udongo wa Meru

Udongo wa miteremko ya Mlima Meru unastawisha kahawa, migomba na maharage, na unakula chuma. Asili yake ni majivu na mawe ya volkano yaliyosagika. Mlima wenyewe, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wake una chembe za kioo na za madini ya feldispa, ambayo ni magumu kuliko chuma laini. Jembe jipya likiingia shambani Arumeru huwa na ncha mbili zilizosimama vizuri. Misimu ikipita, ncha hizo huviringika, bapa hufupika, na mwishowe hubaki kipande kama cha kiganja karibu na shingo. Mkulima husema limelika, kisha huenda dukani kununua lingine.

Historia ya eneo hili imesimuliwa zaidi kwa vita, wamisionari na mashamba ya walowezi. Chuma kimeachwa pembeni, ingawa bila panga na shoka msitu wa Meru usingefyekwa. Wameru walijenga upande wa mashariki wa mlima tangu karne ya 17 hivi, na Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini kwenye miaka ya 1830. Wote walihitaji zana, na sehemu kubwa ya chuma chao ilitoka mbali na mashamba yao.

Kiwanda kikuu cha zama hizo kilikuwa milima ya Upare, hasa Ugweno. Ukoo wa Washana ulijulikana huko kwa uhunzi, na kwa muda ulishika hata utawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Mali ghafi yao ilikuwa mchanga mweusi wa chuma uliokusanywa kwenye vijito, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto. Chuma hicho kilifika Uchagani, ambako wahunzi wa Mamba walikifua kuwa mikuki na majembe, na kikaenda mpaka kwa Wamaasai. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono. Walitegemewa kwa kila mkuki na kila sime, lakini haikuruhusiwa kuoana nao. Naona huo ulikuwa uonevu mkubwa kwa watu walioshika ujuzi adimu kuliko wote katika jamii.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta nyaya za chuma, senyenge, na wahunzi wakaanza kufua senyenge badala ya kusubiri mchanga uyeyushwe. Baadaye yakaja majembe ya Ulaya, ya bei nafuu na yenye umbo moja. Tanuri za kuyeyushia zikazimika. Wahunzi hawakuisha, ila kazi yao ikageuka kuwa ya kufua chuma kilichotengenezwa na wengine.

Inafaa kukumbuka tulichopoteza. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, mkoani Kagera, walijenga upya tanuri la jadi mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Shimo la tanuri lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa, na mirija ya udongo iliyoleta hewa kutoka kwenye mivukuto ilisukumwa hadi ndani ya tanuri, hivyo hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto. Kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, ikieleza kwamba ujuzi wa namna hiyo ulikuwepo magharibi mwa Ziwa Viktoria kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wahenga hao walichagua nyasi, mkaa na hewa ili wapate chuma cha tabia waliyoitaka. Huko ni kubuni aloi, hata kama hawakuwa na maabara.

Baada ya uhuru, jawabu la serikali kwa hitaji la zana lilikuwa viwanda. Ubungo Farm Implements ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilianza kutoa majembe mwaka 1970. Arusha ikapewa kazi ya kubuni na kupima: TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo lililoko Njiro, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kwa sheria ya mwaka 1981. CAMARTEC ilirithi kitengo cha kupima mashine za kilimo kilichoanzishwa enzi ya Tanganyika. Mwaka 2011 Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wake wa kwanza Tengeru, ikiwa na skuli inayofundisha sayansi ya mata.

Wakati huohuo, fundi wa mtaani aliendelea na njia yake. Hutafuta springi ya lori, kwa sababu anajua ni ngumu kuliko nondo. Huipasha hadi iwe nyekundu, huifua, kisha huichovya kwenye oili chafu. Ikitoka hapo ni ngumu lakini inavunjika upesi. Kwa hiyo husugua upande mmoja ung'ae, hurudisha chuma kwenye moto mdogo na kutazama rangi ikitambaa: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Akiiacha ipite rangi anayoitaka, makali yanalegea. Ni kipimo cha macho tu, na mkono uliozoea hukosea mara chache.

Anachopigania fundi huyo, ugumu usioleta kuvunjika, ndicho kinachowasumbua wanasayansi wa kwasikristali. Tarehe 8 Aprili 1982, Dan Shechtman, Mwisraeli aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, alichunguza kwa darubini ya elektroni aloi ya alumini na manganisi iliyopozwa ghafla. Aliona alama kumi zimepangika kwenye duara, jambo ambalo vitabu vilisema haliwezekani. Fundi vigae anaelewa sababu: vigae vya pembe nne au sita hufunika sakafu yote, ila vya pembe tano huacha mianya. Atomu za Shechtman zilikuwa na mpangilio kamili ambao haukujirudia, na kitu chenye mpangilio huo ndicho kinachoitwa kwasikristali. Alitakiwa kuondoka kwenye kikundi chake cha utafiti, na Linus Pauling, mshindi wa Nobel, alimpinga hadi alipofariki mwaka 1994. Mwaka 2011 Shechtman alipewa Nobel ya kemia.

Mwaka 1987 Wajapani walipata kwasikristali imara ya alumini, shaba na chuma. Ni ngumu, ina msuguano mdogo, vitu havigandi juu yake kirahisi, na hupitisha joto kidogo sana. Nchini Ufaransa Jean-Marie Dubois aliigeuza kuwa utando wa kupulizia juu ya metali nyingine, hata vikaango. Tatizo ni kwamba ikiwa peke yake hupasuka. Ndiyo maana wabunifu huongeza boroni kidogo, au hutawanya chembe zake ndani ya metali laini ili ile laini ihimili kishindo na chembe zihimili msuguano. Kampuni ya Sandvik ya Sweden ilitengeneza chuma cha pua chenye chembe hizo, kikatumika kwenye nyembe na sindano za upasuaji wa macho.

Je, jembe la Arumeru lipakwe kwasikristali? Kwa maoni yangu, hapana. Jembe hugonga mawe, na utando mgumu wa namna hiyo ungepasuka mapema. Mahali pake ni kwenye sehemu zinazosuguana taratibu, kama vipande vinavyozunguka ndani ya pampu na mashine za kusaga. Kwa jembe la trekta, kuchomelea tabaka lenye kabidi za kromiamu kwenye ncha ni njia inayojulikana, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaimudu.

Ombi langu ni kwa CAMARTEC, TEMDO na taasisi ya Tengeru, ambazo zote ziko hapahapa Arusha. Chukueni majembe yanayouzwa madukani na yaliyofuliwa kwa springi, yalimieni udongo wa Meru msimu mzima, yapimeni uzito kabla na baada, kisha tangazeni matokeo kwa majina ya viwanda. Mkulima anayetoa fedha yake kila baada ya misimu michache ana haki ya kujua lipi litadumu.