Shamba, Ghala na Jiko: Somo la Chakula katika Sekondari Zetu

Kila tukutanapo sisi wanafunzi wa zamani hatuachi kukumbushana shamba la shule. Tunataja majembe, matuta na magunia tuliyovuna. Ghala halitajwi. Jambo hilo lina historia yake.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe pia shamba. Miaka ya mwanzo ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Shabaha ilikuwa njema, lakini somo la chakula likakatwa vipande viwili. Kilimo kilishughulika zaidi na kuotesha na kuvuna. Sayansikimu, ambayo ilihesabiwa kuwa ya wasichana, ilikipokea chakula jikoni. Kazi za katikati, yaani kukausha, kuhifadhi na kusindika, hazikupata mchepuo wake.

Hasara yake si ndogo. Chukua sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Ilianza kujulikana mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Kinga yake ni kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 13, kisha kuyaweka pasipo unyevu. Hilo ni somo ambalo kijana wa kidato cha pili analimudu.

Tena kuna kimea. Wapika pombe wetu walikijua tangu zamani. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, walihimiza unga wake utiwe katika uji wa watoto. Kijiko kimoja tu hulainisha uji mzito bila kuongeza maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huvunja wanga. Hivyo mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile. Sisi darasani tulitia ayodini katika wanga, tukaona rangi ya buluu iliyoiva, tukafunga daftari. Uji wa mdogo wetu nyumbani haukutajwa.

Mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika sekondari zetu. Basi ndugu zangu, tutakapochangia shule yetu, pamoja na madawati na mipira tufikirie turubai za kukaushia, kipima unyevu na ghala la kufundishia. Na somo hilo wafundishwe wavulana na wasichana pamoja, maana wote wanakula.