Wadandiaji wa Mabwawa ya Nyeri

Mto Gura hushuka kwa kasi kutoka Nyandarua, na maji yake ni baridi hata wakati wa kiangazi. Humo ndimo mlowezi Ewart Grogan alimotia samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905. Mayai yalifika Mombasa kwa meli, yakapanda gari moshi hadi Naivasha, kisha wapagazi wakayavusha milima kwa vichwa vyao. Grogan ndiye anayetajwa. Mimi nawafikiria zaidi wapagazi.

Kwa mfugaji wa samaki kama mimi hapa Tetu, safari ile ina jambo moja kubwa: yalisafirishwa mayai, si samaki hai waliochotwa pamoja na maji ya mtoni. Mdandiaji, yaani kiumbe anayesafiri humo bila kukusudiwa, hakupata nafasi kubwa ya kujificha.

Tilapia walikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1956, ng'ambo ya Nyandarua, Ziwa Naivasha lilitiwa tilapia wa tumbo jekundu. Katika shehena hiyo mlikuwamo aina nyingine ambayo haikukusudiwa, leucostictus. Vifaranga vya tilapia hufanana mno. Ni mpaka dume akomae, awe mweusi mwenye madoa meupe ubavuni, ndipo unamtambua. Kufikia hapo amekwisha kuzaa. Mdandiaji huyu alizaana na tilapia aliyetiwa ziwani tangu 1925, na kufikia miaka ya sabini mwanzoni yule wa 1925 alikuwa ametoweka. Kamba wa Marekani, tofauti naye, alitiwa humo kwa makusudi mwaka 1970.

Huku kwetu vituo vya Kiganjo, cha trauti, na Sagana, cha samaki wa maji ya joto, vilianzishwa mwaka 1948. Hata hivyo Wakikuyu wengi hawakuwa walaji wa samaki, na ufugaji ulibaki kazi ya wachache hadi 2009, serikali ilipoleta mpango wa kufufua uchumi: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Vifaranga vilihitajika kwa wingi na kwa haraka. Mifuko ya plastiki yenye maji na hewa ilipanda vilima vyetu kwa pikapu, na haraka ni rafiki wa mdandiaji.

Nimewaona kwenye karai langu: viluwiluwi, ruba, konokono wadogo kama punje ya mtama, na mabuu ya kerengende, ambayo watu huyadharau ilhali hushika vifaranga na kuvila. Konokono wanastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi yao hubeba kichocho, na watu wa Mwea wanakijua vizuri.

Ndugu mfugaji, usimimine mfuko moja kwa moja bwawani. Mimina kwanza kwenye karai jeupe, mahali penye mwanga, ukatazame taratibu. Samaki usiyemfahamu mweke kando, umwonyeshe afisa wa uvuvi. Na maji ya mfuko yamwage shambani, mbali na mto: Gura na Chania zote huishia Tana, na kinachoponyoka Tetu kina njia wazi hadi Masinga.