Droni ya mabawa: jinsi ya kupanga usukani wa mkia ili pua isiyumbe

Msikilizaji wetu wa Kibaha na Kisarawe, si kila droni ina pangaboi nne juu. Ipo inayofanana na ndege ya abiria iliyopunguzwa, yenye mabawa mawili. Hii hukaa hewani muda mrefu zaidi, ndiyo maana wapimaji huipenda kwa maeneo makubwa. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walirusha droni za mabawa aina ya eBee kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba.

eBee haina usukani wa mkia. Lakini ndege nyingi ambazo mafundi huunda wenyewe wanao, na hapo ndipo wengi hukwama. Makala hii inaeleza usukani huo unapangwaje kwenye ArduPilot, programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta ndogo ya ndege.

Usukani wa mkia unafanya nini?

Wengi hudhani ndiyo unaokatisha kona. Hapana. Ndege hukata kona kwa kulalia upande, na kazi hiyo hufanywa na vibao vya nyuma ya mabawa. Shida ni kwamba ndege ikilalia kushoto, bawa la kulia hupanda na kukokwa zaidi na hewa. Basi pua huvutwa kulia wakati ndege inataka kwenda kushoto. Usukani wa mkia hufuta mvutano huo.

Ukipangwa vibaya, mkia hutikisika kama wa mbwa, picha huacha mianya, na ramani ya shamba hutoka na kasoro. Ukigeuzwa kinyume, ndege inaweza kuanguka, na chini kuna watu.

Hatua ya kwanza: chini, pangaboi ikiwa imeng'olewa

Weka ndege kwenye hali ya FBWA, ambamo kompyuta huisaidia kukaa sawa. Usibadilishe kwanza namba iliyokuja na programu. Simama nyuma ya ndege, inamishe bawa la kulia. Usukani lazima uende kushoto, kwa sababu kompyuta inajaribu kuinyoosha ndege. Ukienda kulia, badilisha SERVO4_REVERSED, kama mkia umeunganishwa kwenye njia ya 4.

Kisha weka hali ya MANUAL, sukuma kijiti cha usukani kulia. Usukani uende kulia. Ukienda kushoto, badilisha RC4_REVERSED. Fuata mpangilio huo huo: kompyuta kwanza, rimoti baadaye.

Hatua ya pili: angani, namba moja baada ya nyingine

Anza na KFF_RDDRMIX ikiwa 0, YAW2SRV_DAMP 0, YAW2SRV_SLIP 0 na YAW2SRV_RLL 1. Ruka juu ya uwanja wazi, mbali na nyumba.

KFF_RDDRMIX: ilaze ndege haraka kushoto, kisha kulia, mara kadhaa. Pua ikianza kwenda upande usio wa kona, ongeza namba hii kidogo kidogo mpaka iache. Usizidishe 1.

YAW2SRV_DAMP: hii hutuliza mkia. Ongeza kwa 0.05 kila mara. Mkia ukianza kutikisika, umepita kiasi. Rudisha namba hiyo hadi nusu yake.

YAW2SRV_RLL: ndege ikiingia kwenye kona na pua ikaangalia nje ya kona, ongeza 0.05. Ikiangalia ndani, punguza. Ukijikuta chini ya 0.7 au juu ya 1.4, acha. Tatizo huenda liko kwenye kipimo cha kasi ya hewa.

Andika kila badiliko kwenye daftari. Ukibadilisha namba mbili kwa pamoja, hutajua ipi imeleta shida. Namba hizi unaweza kuzibadilisha hata kwa simu ya Android yenye programu ya QGroundControl.

Usiuchanganye upepo na kasoro

Kusi au kaskazi ikivuma kutoka ubavuni, ndege hugeuza pua kidogo kuelekea upepo huku ikienda mbele kwenye mstari wake, kama mtumbwi unaovuka mto wenye mkondo. Hiyo ni kawaida, usiitibu kwa namba. Fanya majaribio asubuhi mapema, kabla upepo haujapanda.

Kabla ya kurusha

Kurusha droni nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kwa wa Kisarawe hili ni zito zaidi, kwani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hauko mbali na ndege za abiria hupita chini wakati wa kutua. Mweleze pia mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na majirani, kabla ya siku yenyewe. Mtu aliyeambiwa mapema hatakimbia akisikia mlio juu ya mikorosho yake, na atajua amtafute nani ndege ikiangukia shambani kwake.