Mizani na Daftari: Historia ya Kuhesabu Mali ya Mkulima



Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za maghala, za malori, na za wazee waliotutangulia, nazo zote zastahili kusomwa. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya ukatibu tumeombwa tuandike historia. Tumeona vema tusiandike historia ya majengo, bali ya jambo lisiloonekana upesi kwa macho, nalo ni hesabu: jinsi mkulima wa pamba wa nchi hii ya Ziwa alivyoipata, akaipoteza, kisha akaanza kuipata tena haki ya kujua mali yake ni kiasi gani, yauzwa kwa thamani gani, na fedha yake yaenda wapi. Wataalamu huiita kazi hiyo uchunguzi wa uchumi. Wengi wetu hudhani kuwa ni kazi ya watu wa Chuo Kikuu peke yao. Lakini historia yatuonyesha kwamba kwetu sisi ilianzia gulioni, penye mizani.

Mizani miwili

Pamba si zao lililopendwa na watu wote tangu mwanzo. Kusini mwa nchi, kulazimishwa kulima pamba wakati wa Wadachi kulikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Huku kwetu Usukumani zao hili lilienea polepole wakati wa utawala wa Mwingereza, na baada ya Vita Kuu ya Pili likawa ndilo tegemeo la kodi, la nguo na la karo za watoto.

Siku hizo mkulima aliuza pamba yake kwa wanunuzi binafsi wenye vinu vya kuchambulia. Bei ya ratili moja ilitangazwa na Serikali, na kila mtu aliijua hata senti yake. Lakini kuijua bei bila kuujua uzito ni kujua nusu ya jambo. Bei ilitangazwa hadharani, ila mizani ilisomwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa mnunuzi. Mkulima asiyejua kusoma alipokea alichopewa, akashukuru, akaenda zake.

Tufanye hesabu ndogo kwa mfano. Tuseme mizani yapunguza kilo 1 katika kila kilo 20. Mtu hataliona jambo hilo kwa macho, wala bega lililobeba gunia halitalihisi. Lakini mwenye kilo 600 atakuwa amepoteza kilo 30, na kijiji chenye wakulima 200 wa namna hiyo kitakuwa kimepoteza kilo 6,000 katika msimu mmoja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vilevile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walibuni dawa yao. Hawakumpiga mtu wala hawakuchoma ghala. Waliweka wapimaji wao wenyewe, waliolipwa na wakulima na si na mnunuzi, ili pamba ipimwe kwanza upande huu kabla ya kupelekwa upande wa pili. Hapo pakawa na namba mbili badala ya moja, na namba mbili zikiwekwa pamoja huuliza swali ambalo namba moja haiwezi kuliuliza. Sisi twasema huo ulikuwa uchunguzi kamili wa uchumi, ingawa wenyewe hawakuupa jina hilo.

Juu ya msingi huo ndipo ushirika ulipojengwa. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka pamoja na wenzake kuwaunganisha wakulima. Mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, yeye akiwa meneja wake mkuu, na kabla miaka ya 1950 haijaisha ununuzi wa pamba ya Jimbo la Ziwa ulikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe. Wenzetu walikuwa wametangulia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, sheria ya vyama vya ushirika ikatoka mwaka 1932, na chama kikuu chao, KNCU, kikaundwa mwaka 1933. Bukoba nao walipata chama kikuu mwaka 1950.

Swali la mtaalamu aliyeuliza

Mizani yaeleza kilichovunwa, lakini haielezi kimevunwa kwa gharama gani. Sehemu hiyo ya pili ya historia yetu ilifanyika Ukiriguru, karibu na Mwanza.

Kituo cha Ukiriguru chajulikana kwa mbegu bora za pamba. Mabwana shamba waliotoka huko walitufundisha wazee wetu kupanda mapema, kutia mbolea na kupalilia kwa wakati. Mafundisho yalikuwa ya kweli, na katika mashamba ya kituo mavuno yalikuwa mazuri. Hata hivyo wakulima wengi waliendelea kupanda pamba yao kwa kuchelewa, wakaambiwa ni wavivu, au ni watu wasiopenda maendeleo.

Katika miaka ya 1960 mchumi mmoja Mwingereza, Michael Collinson, alifanya kazi Ukiriguru. Badala ya kuuliza kwa nini mkulima hasikii, aliuliza mkulima afanya nini kila wiki, kwa mikono ya watu wangapi, na katika shamba gani. Ilipoandikwa kazi ya kaya nzima tangu mvua za kwanza hadi mavuno, jambo likawa wazi. Mvua za kwanza huita kazi zote kwa pamoja, na mikono ya nyumba moja haitoshi. Mkulima hupanda chakula kwanza, kwa maana pamba haipikwi. Kuchelewesha pamba hakukuwa uvivu, ilikuwa ni hesabu. Mtu mwenye mikono michache aligawa siku zake mahali palipomwepusha na njaa.

Mwaka 1972 Collinson alitoa kitabu juu ya uendeshaji wa mashamba ya wakulima wadogo, na namna yake ya kuchunguza ikafuatwa katika nchi nyingine nyingi. Twaomba msomaji alishike funzo hili: ushauri mzuri uliotolewa bila kuhesabu siku za mkulima waweza kuwa ushauri mbaya.

Namba zilipoondoka mikononi mwetu

Yatupasa kusema kweli hata inapouma. Ushirika ulipokua, wanachama waliacha kuhesabu wakaamini, na baadhi ya viongozi waliacha kueleza wakaamuru. Malalamiko yalizidi, hata mwaka 1966 Rais Julius Nyerere akaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta wanachama wasiokielewa chama chao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, udhaifu wa demokrasia katika vyama vikuu, na siasa kuingilia kazi. Mwaka uliofuata uongozi wa Muungano wa Victoria ukashikwa na Serikali, na mahali pake pakawekwa Chama Kikuu cha Nyanza.

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za mazao kupitia vijiji. Mwaka 1982 mchumi Frank Ellis alichapisha uchunguzi juu ya bei za mazao katika Tanzania ya miaka ya 1970. Alionyesha kwamba bei halisi aliyopata mkulima, yaani ukiipima kwa vitu ambavyo fedha ile iliweza kununua, ilishuka, huku gharama za kuuza mazao zikimeza sehemu kubwa zaidi ya thamani yake. Mkulima alikuwa amelihisi jambo hilo dukani, aliponunua khanga au sabuni. Lakini hakuwa na daftari la kuthibitisha, wala mkutano wake mwenyewe wa kulipeleka.

Katika mwaka huohuo wa 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama, navyo vikaanza tena. Sheria ya mwaka 1991 ikakazia kwamba chama ni mali ya wanachama. Kisha, msimu wa 1994/95, biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Vyama vingi vilikutwa na madeni mazito na hesabu chafu, vikashindwa kushindana. Waliosema ushirika umekufa walikuwa na sababu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la mama mmoja

Hatukuandika hayo yote ili tuwacheke waliopita. Sisi wenyewe tulijikwaa penye jiwe lilelile.

Katika msimu wa tatu wa Chama Kikuu hiki, malipo yetu yalikuwa chini ya yale ya jirani zetu. Minong'ono ikaenea kwamba ofisi imekula fedha. Katika Mkutano Mkuu mama mmoja mwanachama alisimama akasema kwa upole, “Mwanangu Katibu, sikuiti mwizi. Nataka kujua tu: kilo yangu ikitoka kwangu ikafika kinuni, njiani imeliwa na nani?”

Tulinyamaza. Vitabu vyetu vilikuwa safi na mkaguzi alikuwa amevipitisha. Vilionyesha kilo zilizoingia na fedha zilizotoka, lakini havikuonyesha njia. Tulikuwa na uaminifu bila kuwa na jibu, na mbele ya mtu aliyevuja jasho hilo ni jambo la aibu.

Baada ya mkutano tukaanza kuifuata kilo moja hatua kwa hatua: magunia, vibarua, ushuru, malori, riba ya mkopo wa msimu, kilo zinazopungua pamba inapokauka. Twakumbusha kwamba pamba mbegu ikichambuliwa, theluthi moja hivi huwa nyuzi na sehemu kubwa ya iliyobaki huwa mbegu, inayotoa mafuta na mashudu. Basi kilo 600 hutoa robota moja tu la kilo 181 au zaidi kidogo, na asiyeuliza habari za mbegu ameuza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Tulipomaliza tulikuta kwamba mwizi hakuwa mtu. Pamba ililala ghalani ikingoja malori tuliyokuwa tukiyatafuta wakati msimu umekwisha kuanza, na kila siku iliyolala, riba ya mkopo ilikua. Kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi. Tangu hapo malori huagizwa kabla ya msimu, na mgawanyo wa kila shilingi hubandikwa ukutani katika kila chama cha msingi. Mama yule alikuja kuusoma, akasema, “Sasa namjua aliyekula.”

Daftari la nyumbani

Kisha tukaomba kaya chache zilizokubali ziandike daftari la mwaka mzima: siku za kulima, za kupalilia, za kuchuma, fedha iliyoingia, na iliyotoka kwa chakula, karo, dawa na nguo. Jambo hili si geni. Mwaka 1857 mchumi Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha yake inavyokwenda kwenye chakula. Serikali yetu nayo imepima matumizi ya kaya mara kadhaa tangu mwaka 1969. Lakini namba za Taifa hazimwambii mtu wa kijiji fulani kama pamba yake yamlipa.

Madaftari yale yalisema mambo mawili yasiyopendeza. La kwanza, siku nyingi za palizi na kuchuma zilikuwa za akina mama na watoto, ambazo hakuna aliyezihesabu wala kuzilipa. La pili, zikihesabiwa siku hizo, baadhi ya kaya zilikuwa zikiuza pamba kwa hasara, na nyumba moja iliyoona hivyo ilipunguza pamba ikapanda dengu. Wako viongozi waliotulaumu, wakasema Katibu awafukuza wakulima kwa kalamu. Sisi twajibu kwamba daftari linalokisifu Chama tu si daftari. Mwanachama akijua kwamba pamba haimlipi ataondoka leo au kesho. Ni heri tujue sisi mapema, ili tutafute pembejeo nafuu, tudai bei bora tukiwa na hoja mkononi, au tukubali kuuza na dengu pia.

Mbele ya Mkutano Mkuu ujao pana pendekezo kwamba kila chama cha msingi kitenge fedha kidogo katika ushuru wake kwa ajili ya karani mmoja wa hesabu za gharama na matumizi. Wengine wasema ni mzigo, na twawaelewa, kwa kuwa fedha ile yaweza kununua bati au gunia. Lakini wazee wa miaka ya 1950, waliokuwa maskini kuliko sisi, walichanga kumlipa mpimaji wao kabla hawajawa na ghala wala lori. Walijua ni lipi litangulie.

Miaka 10 imetupa maghala. Tukijaliwa miaka 10 mingine, twaomba atakayeshika kalamu hii asikae kimya mbele ya mama atakayesimama na kuuliza.

Ushirika wetu na udumu.